Theluji ya Vijumba Tisa

Mwanangu Tunu,

Hali yako siulizi, maana nakusikia hapo chumbani ukivuta selotepu na kuikata kwa meno, jambo nililokukataza tangu una miaka sita. Ni Jumamosi, saa kumi alasiri, nami nimekaa jikoni na daftari lako la zamani la hesabu lenye kurasa zilizobaki nyeupe. Kesho asubuhi baba yako atakupakia na maboksi yako hadi chuoni Canberra. Habari za chakula, mashuka na kufunga mlango sitaandika. Unazijua, na usizozijua utapiga simu. Naandika kwa sababu kuna neno limenikaa kooni tangu Julai iliyopita, na kila nikifungua mdomo nalimeza. Jana nilikuita nikwambie, ukaja, nikakuuliza kama umepakia sweta.

Naandika Kiswahili nikijua unakisoma polepole na kunijibu Kiingereza. Ukikwama, soma kwa sauti. Sikio lako linajua zaidi ya jicho. Kiingereza changu mimi ni cha kazini, cha kumwuliza mzee amelalaje na kumwomba ageukie ukutani. Kwa jambo hili hakinifikishi.

Kumbuka siku boksi la Bibi Maureen lilipopita juu ya uzio. Tulikuwa tumefungiwa majumbani kwa ajili ya ugonjwa, mtaa wetu wote wa Quakers Hill umenyamaza. Bibi Maureen wa nyumba ya kushoto alikuwa anakusifu kwa kila anayepita, kwa sababu mwezi uliotangulia ulimshonea kitabu chake cha mapishi kilichokuwa kinamwaga kurasa. Akakuita uzioni. Ndani ya boksi, akasema, kuna kijiji cha Krismasi cha mama yake: vijumba tisa vya kadibodi, kila kimoja kinakaa kwenye kiganja, vina theluji ya kumetameta juu ya paa, madirisha ya karatasi ang'avu nyekundu na njano, na tundu nyuma la kuingizia taa ndogo. Vilitengenezwa Japani kabla ya vita, vikaja huku kwa meli, na tangu yeye mtoto viliwekwa chini ya mti kila Desemba. Uzio wa kile kijumba cha kanisa ulikuwa umevunjika. Alitaka umtengenezee, awashe kijiji chote mara moja tena kabla hajahamia Brisbane kwa mdogo wake.

"Taratibu navyo," akakwambia. "Vimenizidi umri, na mimi mwenyewe si wa kushikwa ovyo."

Kisha akakohoa. Nilikuwa naanika nguo, nikamsikia. Kikohozi kile ndicho chanzo.

Wewe ulifanya la busara. Uliliweka boksi gereji, ukaandika tarehe juu yake, ukasema likae siku tatu bila kuguswa, kirusi kitakufa chenyewe. Siku ya pili nikarudi kutoka shifti Lidcombe. Unajua hali ilivyokuwa kule kwenye nyumba ya wazee. Tulipangusa kila kitu: vitasa, vitanda, rimoti za televisheni, hata miwani wazee wakiwa wameivaa. Wiki ile tulikuwa tumempoteza mzee wa chumba cha mwisho, yule aliyependa nimwimbie. Akili yangu ilikuwa imechoka. Mikono ndiyo iliyokuwa inafanya kazi peke yake. Nikaliona boksi. Nikawaza kikohozi kile, nikawaza kifua chako chenye pumu. Nikachukua chupa ya dawa ya kunyunyizia, ile yenye harufu ya limau, na vitambaa vinne, nikavipangusa vijumba vyote tisa. Mbele, nyuma, paa, mpaka ndani ya madirisha.

Tunu, ni mimi. Haikuwa mvua.

Kanywe maji kwanza, kisha urudi usome.

Cha kwanza nilidhani ni vumbi linatoka. Cha pili nikaona kitambaa kimekuwa chekundu. Ningeacha pale, viwili vingeharibika na saba vingepona. Lakini sisi watu wa usafi tuna ugonjwa wetu: doa likitokea, tunaongeza dawa. Nilipofika kwenye kanisa, theluji ilikuwa inatoka kama sukari juu ya andazi, na kadibodi inavimba kama mkate uliotumbukia kwenye chai. Nikavirudisha boksini vibichi, nikafunika. Vitambaa nikavitupa kwenye pipa la nje. Nikajiambia vitakauka, nitamweleza kesho.

Usiku mvua ikanyesha, na ile pembe ya gereji unajua inavyovuja. Asubuhi nikakukuta umepiga magoti kwenye sementi, boksi liko wazi. Ukasema kwa Kiingereza kwamba wewe ndiye uliyeliweka chini ya panapovuja, kwamba ulipajua na bado ukaliweka. Ukanitazama ukingoja nikukatalie. Nafasi yangu ilikuwa ile. Nikasema maneno mawili.

"Mvua hii."

Nikakupa leso.

Nimesali na maneno hayo mawili miezi saba. Mungu nilimwambia siku ileile, nikagundua ni rahisi kumwambia anayejua tayari. Kazi ilikuwa kwako wewe usiyejua.

Mchana ule ulivaa barakoa ukaenda uzioni. Sikukutuma. Nilikuwa chumba cha kufulia, dirisha liko wazi, nikasikia yote. Hukusema vijumba vimeharibika. Ulisema umeviharibu. Ukamweleza Bibi Maureen habari ya pembe inayovuja, ukamtajia vilivyoachana kuta na vilivyotoka rangi, ukamwomba muda.  Naye akasema vijumba vile vilinusurika vita na kaka zake watatu watundu, na kama kweli una mikono anayoisifia, basi aone. Ulirudi ndani umenyooka mgongo. Miaka kumi na minane, na ulikiri kosa la mtu mwingine vizuri kuliko mwenye kosa alivyoweza kukiri lake. Nimesikia shuhuda nyingi kanisani tangu utoto wangu. Ile ya uzioni ndiyo inayonirudia nikiwa kwenye treni.

Kuanzia hapo nikawa mwanafunzi wako, ingawa hukujua.

Kwa siku tatu hukurekebisha kitu. Ulipima kwa rula, ukachora, ukapiga picha kila upande. Mimi ningekwishapaka gundi. Kisha ukaja kuniomba ile Biblia kubwa ya bibi yako. Nilifurahi, nikadhani dhiki imekurudisha kwenye Neno. Kumbe unatafuta uzito. Ulilainisha kadibodi kwa mvuke wa birika, ukailaza katikati ya karatasi za kuokea, na Biblia juu, ukuta mmoja baada ya mwingine, karibu mwezi mzima. Baba yako akitoka kazini anauliza, "Mama Tunu, leo Neno limelalia nyumba gani?" Ibada ya nyumbani ikabidi tusome kwenye simu.

Gundi ulipika mwenyewe kwa unga wa ngano, ikawa na mabonge. Hapo nikasogea. Uji naujua. Nikakuonyesha kukoroga unga na maji baridi kwanza, moto baadaye, na ulipoipima kwa vidole ukasema ndiyo yenyewe, nilijisikia kama nimepewa cheti.

Na ile habari ya miti. Ulikuja na simu mkononi, ukaniuliza kama naijua katani, maana umesoma kwamba ile miti midogo ya kijiji, iliyonyonyoka, ilitengenezwa kwa katani. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Mwanangu, mimi nimezaliwa kwenye kambi ya mkonge, Korogwe. Mama yangu alianika katani kwenye kamba tangu jua linachomoza. Baba yangu alilisha majani kwenye mashine tuliyoiita korona, miaka mingi kabla ugonjwa haujalichukua jina hilo. Mikono yake ilikuwa imekatikakatika kama ubao wa kukatia nyama, na nilikuwa naionea haya mbele ya wenzangu wa shule. Shule yenyewe niliishia darasa la saba. Katani niliiacha kule nikiwa nimeapa sitaigusa tena. Ikanifuata Sydney ndani ya boksi la mama mzungu, imejifanya mti wa Krismasi.

Tukanunua kamba ya kufungia nyanya bustanini, nikaifumua, nikachana nyuzi kwa kitana kama alivyofanya mama. Wewe ulizilaza katikati ya nyaya mbili, ukasokota, zikasimama zote kama manyoya ya paka aliyeogopa, ukazipunguza kwa mkasi mpaka zikawa mti. Vichaka navyo, ukagundua, ni dodoki. Dodoki langu la kuogea, lile nililolisaka mpaka duka la Waafrika Blacktown! Nililalamika wiki nzima. Lakini nilikuwa nakaa pale mezani nakutazama, na kwa mara ya kwanza nikaiona mikono ya baba yangu ni mikono ya fundi. Wewe ndiye uliyenionyesha. Sikuwahi kukushukuru kwa hilo.

Unakumbuka alama ya kidole? Uliinua paa la kanisa kwa kisu kidogo, ndani kwenye gundi ya zamani kukawa na alama ya kidole cha mtu. Kidogo, labda cha mwanamke. Ukaniita. Kitambaa changu cha kupangusia meza kilikuwa mkononi, nawe ukanishika kifundo cha mkono kabla sijafika.

"Mama, no. Huyu mwache."

Ukasema Kiswahili. Ukamfunika tena na paa, kwa uangalifu, kama anayemfunika mtoto aliyelala. Mimi maisha yangu yote nimelipwa kufuta alama za vidole vya watu. Siku ile nilielewa kwamba kuna usafi unaomwondoa mtu duniani mara ya pili.

Kitu kimoja tu kilikusumbua, na kila ulipokitaja nilitafuta kazi ya kufanya. Theluji. Ulikusanya chini ya boksi kila chembe kwa brashi, ukaichekecha kwa chujio la chai, ikajaa kijiko kimoja. Ukasema haiwezekani. Maji yangeiyeyusha gundi, sawa, lakini theluji ingedondoka boksini, isingetoka nje. "Imekwenda wapi, mama?" Mimi nikainuka kutazama maharage. Uliuliza mara tatu kwa siku tofauti, na siku hizo zote maharage yetu yaliiva vizuri sana.

Theluji ya zamani ilitosha mapaa matatu. Mengine ukaweka mpya, na Bibi Maureen alipoona la kwanza pale uzioni akasema umelifanya jumba la mama yake disko. Hukukasirika. Ulirudi ukalikwangua, ukaijaribu upya mara nne, ukaipunguza mng'ao kwa maji kidogo ya chai, mpaka akakubali. Uliponya vijumba sita. Vitatu vilikuwa vimekwisha kabisa kwa mkono wangu, ukavijenga upya kutoka kwenye vipimo vyako, kwa kadibodi ya maboksi ya nafaka, na vipande vya zamani ukavitia kwenye bahasha ili visipotee. Mimi nilikuwa nawaambia wenzangu wa kanisani kwenye simu kwamba mtoto anacheza na makaratasi. Nilikuwa nimekwishawaambia utasomea uuguzi. Hilo nalo nisamehe. Nilitaka uvae sare ninayoijua, niweze kukuonyesha kwa watu bila kueleza. Sasa wakiniuliza nasema mwanangu anakwenda kujifunza kutunza vitu vya karatasi visife, na wasipoelewa nawasimulia habari ya alama ya kidole.

Halafu ile sheria yako ya penseli. Kila kijumba ulichomaliza ulikigeuza, ukaandika chini kwa penseli laini: kipi ni cha zamani, kipi umeongeza, lini, nani. Nilikuuliza kwa nini uharibu kazi nzuri kwa kujitangaza. Ukanijibu kwamba mtu atakayekishika baada ya miaka hamsini asidanganywe. Nikauliza, na ukikosea kuandika? Ukasema hatufuti, tunaongeza chini. Ulisema hivyo ukiwa unakula chapati, hata hukuniangalia. Mimi sikulala.

Siku ya Krismasi, walipokwisha kutufungulia, tulivipanga kwenye meza ya veranda kwa Bibi Maureen juu ya shuka jeupe. Hewa nzito, mbu, sisi tumevaa kandambili, na mbele yetu theluji. Wewe ukawasha. Madirisha ya nyumba zote tisa yakawa mekundu na ya njano, na ukutani nyuma yake vikatokea vivuli vya miti ya katani.  Bibi Maureen aliegemea mbele, akahesabu kwa kidole mpaka tisa, akaanza upya. Kisha akalichomoa kanisa, akakuwekea kiganjani, akasema hilo ni lako, liende nawe. Ukakataa. Ukamwambia hulistahili, kwa sababu yote yalitokea kwa uzembe wako, naye akagoma kulichukua tena. Nilikuwa nimeshika sahani ya vitumbua. Niliendelea kuishika.

Ningeweza kuendelea hivyo mpaka uzeeni. Lakini mwezi uliopita ulinisomea barua uliyowaandikia wa chuo cha Canberra, ukinitafsiria sentensi moja moja. Walikuuliza umeanzaje kazi hii. Ukaandika kwamba ulianza kwa kuharibu, kwa kutokuwa mwangalifu, mali ya jirani aliyekuamini. Wakakupokea kwa maneno hayo. Uongo wangu umekuwa mlango wako wa kuingilia, na utaulizwa tena na tena, nawe utajibu hivyohivyo mbele ya walimu na wenzako. Sikuweza tena.

Leo asubuhi, wakati umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, nilianza na Bibi Maureen. Nilisimama uzioni, nikamweleza: kikohozi, dawa, vitambaa, mvua hii. Alinisikiliza ameshika mpira wa kumwagilia, maji yanamwagika kwenye viatu vyake. Nilitegemea aseme ni karatasi tu. Hakusema hivyo.

"Ulimwacha yule mtoto asimame hapa peke yake," akasema.

Nikasema ndiyo.

Akaingia ndani. Nikajua ndiyo basi, ujirani umekwisha. Akarudi na boksi la vijumba vinane, akaliweka juu ya uzio, akanipa penseli. Akasema naifahamu sheria yako ya penseli, basi niandike, kwenye vyote. Nikavigeuza kimoja kimoja, nimesimama palepale uliposimama wewe, yeye akinishikia boksi lisianguke. Kila kimoja kina maneno yako: kimelowa maji ya mvua, uzembe wangu, theluji nyingi imepotea, haijulikani ilikokwenda. Sikuyafuta. Chini yake nimeandika kwa Kiswahili, kwa mwandiko wangu wa darasa la saba: *Haikuwa mvua. Mama yake Tunu alivipangusa kwa dawa, akanyamaza, akamwachia mwanawe lawama. Theluji ilibaki kwenye vitambaa vyake.* Na jina langu. Bibi Maureen aliniuliza maana, nikamtafsiria. Akasema mwandiko wangu ni mbaya. Nadhani tutaongea tena, ila si leo.

Sikuombi uniambie si kitu. Kilikuwa kitu. Ukinikasirikia ukiwa Canberra, nikasirikie. Simu yangu itakuwa wazi hata kwa hilo. Ombi langu ni moja: watakapokuuliza ulianzaje, usijitwishe tena kosa langu. Waambie ulianza kwa kurekebisha. Mikono ile, subira ile, kule kwenda uzioni kifua mbele, havikutokana na uzembe wowote. Vilikuwa vyako tangu mwanzo, na mimi nilipata neema ya kuvitazama nikiwa nimekaa kiti cha mbele, bila kustahili.

Kimebaki kimoja. Kanisa lako lilikuwa juu ya friji, tayari kwa kufungwa, nimelishusha, liko hapa mezani limepinduliwa. Nimeliangalia tangu nianze ukurasa wa kwanza. Ningeweza kuliandika sasa, nikalirudisha, ukalikuta huko mbali. Lakini hivyo ndivyo nilivyofanya mambo siku zote, ukiwa umenipa mgongo.

Selotepu imenyamaza. Naja chumbani na barua hii, kanisa, na penseli yako laini. Usome kwanza, kwa sauti pale unapokwama, mimi nitakaa juu ya maboksi. Ukimaliza, nishikie kanisa, niandike la tisa.

Mama yako,
Eliza